Namba Tasa Haziishi

Dzaleka, 12 Februari 2011

Mjomba Gaspard mpendwa,

Nakusalimu wewe na Tantine Esperance, pamoja na majirani wa Kawale wanaonikumbuka. Sisi huku tu wazima. Mvua inanyesha kila siku, mahindi nyuma ya nyumba yamenifika kifuani. Mama yako, Koko Gertrude, hajambo, ila goti linamsumbua asubuhi. Anasema nikuandikie hivi: "Mwambie mwanangu kile kitenge alichonishonea kinanibana kwapani." Lakini anakivaa hivyo hivyo kila Jumapili, na akiulizwa anataja jina la fundi. Barua hii nampa Bisimwa, anakuja Lilongwe na gari la kanisa. Simu ya Koko imekufa kabisa, na ya jirani nimechoka kuiomba.

Mjomba, nina habari. Unajua kwamba mwaka jana niliingia kwenye masomo ya kile chuo cha ng'ambo tunachosoma kwa kompyuta hapa kambini. Chuo hicho kina desturi yake. Hawakupi ufundi mmoja ukaushika mpaka mwisho. Kwanza unaonja kila kitu: nimesoma falsafa, historia, mashairi, afya ya watu, dini za dunia. Halafu ndipo kila mtu anachagua somo lake kuu. Wenzangu wamechagua afya au maendeleo ya jamii. Mimi nimechagua hesabu. Katika kundi letu niko peke yangu.

Cours ya kwanza wanaiita calcul. Inafundisha namna ya kukishika kitu kinachobadilika kabla hakijapita, kama jiwe linaloanguka au maji yanayojaa kwenye ndoo. Unakikaribia, unakikaribia zaidi, hukifikii, lakini unajua kinakwenda wapi. Nikitoka kule kwenye kompyuta natembea kama mtu aliyeamka usingizi wa mchana. Juzi nilipita mlango wetu nikafika mpaka kwa wale mama Warundi wa mandazi, ndipo nikakumbuka kugeuka.

Nataka kukuuliza kitu. Najua Papa alikuwa mwalimu Bukavu kabla malaria haijamchukua. Alifundisha nini? Nimemuuliza Koko, akaangalia pembeni.

Mpwa wako,
Raïssa


Kawale, 3 Aprili 2011

Mupwa wangu Raïssa,

Barua yako ilifika imekunjamana, Bisimwa aliikalia mu gari. Asante sana. Siye huku tuko bazima. Tantine yako iko na kazi mingi: kwaya ya Biwi iliomba robe za Paska, na kila mama anataka mukono yake ikuwe na mukunjo ya pekee. Machine moja ilikufa, tunashona kwa zamu na ile yenye ilibakia. Umwambie Mama asikate kile kitenge, nitakitengeneza mi mwenyewe. Kiswahili yako sasa ni ya Tanzania kabisa. Bale balimu ba Nyarugusu balifanya kazi. Tukisoma na Tantine tunakaa wima sawa vile tuko ku masomo.

Sasa juu ya ile maneno ya kuchagua. Nilisoma barua mara mingi. Raïssa, afya ni kitu muzuri. Mutu mwenye kusoma afya hakosake mahali. Ku City Centre kuko bureau mingi yenye kutafuta bantu ba namna ile. Hesabu itakufikisha wapi? Itakupitisha nyumba yenu, njo vile uliandika wewe mwenyewe. Mi sikukatazi. Nasema tu ufikiri.

Kuko kitu kingine uliuliza pale chini. Tutazungumza siku moja.

Mvua ya huku imeanza kupunguka. Fungeni dirisha ya upande wa kilima, baridi inakuja.

Mujomba wako,
Gaspard


Dzaleka, 29 Mei 2011

Mjomba,

Pokea salamu zetu, mfikishie na Tantine. Baridi imeingia kweli. Asubuhi ukungu unashuka kutoka vilima vya Dowa, unafunika kambi yote; unasikia watu wakisalimiana kwenye bomba bila kuwaona. Dirisha tumelifunga kama ulivyosema. Koko amenunua kuku wawili, amekataza wasichinjwe, na sasa anazungumza nao kuliko mimi.

Calcul nimeimaliza, nimepata alama nzuri. Sasa tuko kwenye nadharia ya namba. Profesa yuko mbali, huko kwao usiku ni mchana wetu, lakini tuna msaidizi hapa hapa, Nahayo, kijana kutoka Burundi. Umeme ukikatika kompyuta zote zinakuwa nyeusi, basi Nahayo anafungua mlango na kusema, "Haya, endeleeni kuwaza." Nasi tunakaa kwenye ule mwanga wa ukungu, kila mtu anatazama kioo cheusi, tunaendelea kuwaza. Sijui kama kuna raha nyingine kama hiyo.

Kuna namba ambazo hazigawanyiki ila kwa moja na kwa zenyewe. Mbili, tatu, tano, saba. Kitabu kutoka Tanzania kinaziita namba tasa. Nilimweleza Koko akichambua maharage.

"Tasa? Kwa nini bazitukane?"

"Siyo matusi, Koko, ni jina tu. Na namba tasa haziishi."

"Haziishi namna gani? Zinakufa, ao hazina mwisho?"

Nikacheka, kwa kweli neno ni moja. Nikamwambia hazina mwisho, na naweza kumwonyesha. Chukua zote unazozijua, hata ziwe nyingi kama maharage haya. Zizidishe zote pamoja, kisha ongeza moja. Ile namba inayotoka haigawanyiki kwa hata moja ya zile ulizokuwa nazo. Basi lazima iko nyingine, ambayo hukuwa nayo mkononi. Na ukiiongeza hiyo, fanya tena, itatoka nyingine. Huwezi kuzimaliza kamwe.

Koko akaacha kuchambua. Halafu akasema, "Mulenda naye alikuwaka ananielezea vitu vya namna hii, mi nasonga ugali." Aliposikia maneno yake mwenyewe akainuka kwenda kuangalia kuku.

Kwa hiyo Papa alifundisha hesabu, Mjomba?

Raïssa


Kawale, 10 Julai 2011

Raïssa mupwa wangu,

Tunakusalimia. Siye bazima, Mungu iko anatuchunga. Machine ya pili ilipona. Niambie hao kuku ba Mama bako bangapi sasa.

Neno moja ya kwanza. Ile jina ya zile namba, usiandike tena mu barua. Tunasomaka barua zako pamoja, mi nasoma kwa sauti na Tantine anashona. Pale nilifika kwa ile jina, machine ilisimama. Unajua vile siye hatukubarikiwa batoto, tuko na wewe tu.

Neno ya pili ni ya furaha. Kuko ndugu wa kanisa, anaitwa Guy, anatumika mu bureau moja ku City Centre. Banatafuta mutu wa kutafsiri Kifaransa na Kiswahili, nikamuzungumuzia juu yako. Amekubali kukuona. Ni kazi ya kiti na meza, bantu ba heshima, na utaishi kwetu. Tantine ameisha kushona rideau ya chumba chako, ya rangi ya bluu. Inaanza mwezi wa nane. Ile cours utaiacha kidogo, ao kwa kabisa. Bisimwa atakuleta.

Mujomba wako mwenye kukupenda,
Gaspard


Dzaleka, 31 Julai 2011

Mjomba Gaspard, Tantine Esperance,

Nawasalimu wote wawili kwa magoti. Tantine, unisamehe. Niliandika bila kuwaza. Hilo pazia la bluu naliona machoni hata kabla sijalifikia, nakushukuru. Koko anasali na kuku wake, wamekuwa watano.

Mjomba, usikasirike. Sitakuja mwezi wa nane. Ndugu Guy umshukuru sana. Najua kazi ya namna ile haiji mara mbili, na najua kuna wasichana hapa wangeifuata kwa miguu mpaka Lilongwe. Lakini mwezi wa nane tunaanza cours ya uthibitisho. Ndani yake huruhusiwi kusema kitu kwa sababu mkubwa amesema, au kwa sababu kila mtu anasema. Lazima uonyeshe. Hata profesa akikosea unamwonyesha, naye anakuandikia asante. Tangu tutoke nyumbani nimeishi mahali ambapo watu wananiambia la kufanya bila kunionyesha sababu. Nikikaa darasani naona mawazo yangu yanatulia, kama maji ya ndoo ukiacha kuyatikisa.

Nakuomba unijibu. Alifundisha hesabu? Na hiyo malaria ilimkuta wapi? Mimi nilikuwa mdogo, naikumbuka barabara tu, na mtu aliyenibeba, na shati lake lina harufu ya chaki. Sijui kama ni yeye au ni wewe.

Raïssa


Dzaleka, 9 Oktoba 2011

Mjomba,

Salamu nyingi. Bisimwa amekuja mara mbili mikono mitupu. Nilimuuliza kama mko wazima, akasema Mjomba yuko, anashona. Basi nimeshukuru.

Sikukuambia kuwa Koko aliugua mwezi uliopita. Homa kali. Sasa amepona, anakula, amenigombeza leo asubuhi, kwa hiyo usipande gari kwa hofu. Sikuandika kwa sababu niliogopa ungesema, unaona, mwenye kusoma afya angejua la kufanya.

Ilikuwa mchana, jua kali, nimekaa karibu naye namfuta uso. Akanishika mkono, akadhani mimi ni marehemu mama. Akasema, "Mumushike shati. Mulenda asirudie ku masomo. Mumushike." Akasema hivyo mpaka akalala.

Tangu siku ile naota ndoto moja. Niko kwenye darasa lisilo na paa, ubao umejaa maandishi ya chaki, nami nakaribia kuyasoma. Nikikaribia kidogo ukungu unaingia. Sio ndoto ya kutisha. Naamka nikiwa na hamu ya kurudi.

Mjomba, mtu mwenye malaria harudi shuleni.

Raïssa


Kawale, 20 Novemba 2011

Mutoto wetu Raïssa,

Tunakusalimia, mi na Tantine. Tuko bazima. Joto ya huku ni kali, kila mutu anaangalia mawingu. Tantine njo alinikalisha kuandika. Aliniwekea chai, akasema, "Gaspard, huyu mutoto amekuwa mukubwa, wewe njo umebaki mudogo." Basi niandike.

Papa yako alifundisha hesabu. Collège yote walimujua. Mi nilikuwa kijana tu, ndugu mudogo wa mama yako, na nilimupenda kuliko bandugu ba damu.

Pale vita iliingia mu Bukavu tulitoka siye bote: Mama, dada yangu, wewe, Mulenda, mi. Tulishika njia ya Walungu, na wewe ulibebwa. Ile shati ilikuwa yake. Kule Walungu tulikuta bantu benye kutoka nyuma yetu, bakasema ku internat, ile nyumba ya kulala ya collège, kulibakia banafunzi, barabara ya kwabo ilifungwa, na balimu bote balikimbia. Mulenda alikuwa anakula. Aliweka sahani chini. Akasema, "Bale ni ba classe yangu." Mama alimushika shati kweli. Mi nilisimama mbele yake mu njia. Akaniambia, "Gaspard, angalia mutoto, nitawafikia." Akaenda. Akageuka mara moja akakupungia mukono.

Tukangoja. Halafu bantu bakaanza kukimbia tena, na siye tukakimbia nabo. Hakufika. Ku Fizi hakufika, ku Kigoma hakufika, na mu Nyarugusu tulisoma kila karatasi ya majina yenye walibandika.

Wewe ulikuwa unauliza kila mwanaume mwenye kupita ku njia kama alimuona papa yako. Kila mutu. Unamukamata suruali. Njo siku moja mama yako akakuambia, papa alikufa na malaria. Ulilia, halafu ukaacha kuangalia njia, ukaanza kula. Mama yako naye alikufa bila kuigeuza ile neno. Mi ningeigeuza namna gani?

Unaona sasa. Pale unaandika "nimechagua hesabu", mi sioni kompyuta. Naona mugongo yake inarudia Bukavu.

Mukono imechoka.

Gaspard


Dzaleka, 18 Desemba 2011

Mjomba wangu, Tantine wangu,

Nawatakia Noeli ya amani. Mvua zimeanza, njia zote zimekuwa tope jekundu, watu wa kabaza wanaobeba abiria wanasukuma baiskeli zao badala ya kuzipanda. Koko yuko vizuri. Nilimsomea barua yako. Aliisikiliza yote, kisha akasema, "Sasa nimepumzika," akaenda kulala saa nane mchana.

Nilidhani nitalia palepale. Nilikwenda kuteka maji. Nilisimama kwenye foleni, mwanamume mmoja akapita na shati jeupe, nami nikamtazama usoni. Akatabasamu, akasema "Zikomo," akadhani namsalimu. Ndipo nikalia, mama wa mbele yangu akanishikia ndoo mpaka nilipomaliza.

Sina hasira na mama, wala nanyi. Nawashukuru kwa lile neno, lilinilisha. Lakini sasa ninalirudisha kwenu. Nimekaa na "sijui" badala yake. Ni kubwa, haina kuta, lakini naweza kupumua ndani yake. Siku nyingine nikiwa katikati ya zoezi namwona mtu ameinama pembeni ya macho yangu, anasoma kazi yangu. Nikigeuka hayuko. Siogopi.

Nina swali moja tu. Wale wanafunzi, walitoka?

Na nina ombi. Nahayo anaondoka, amepata masomo kwingine. Wameniomba mimi niwafundishe hesabu wale wanaoanza mwaka mpya. Nimekubali. Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa kwanza ndiyo siku yangu ya kwanza. Mjomba, uje. Nitakuwekea kiti.

Raïssa


Dzaleka, 5 Februari 2012

Mjomba,

Salamu. Koko mzima, kuku wazima.

Nilifundisha. Chumba kilijaa, wengine walisimama. Nilikuwekea kiti kando ya ubao, hukuja. Si neno, najua kazi ni nyingi na barabara ni mbaya. Umsalimie Tantine.

Raïssa


Kawale, 11 Machi 2012

Raïssa, mutoto wa dada yangu,

Tantine anakusalimia sana. Robe za Paska zimeanza tena, nyumba yote ni kitambaa cheupe, hata mu chai tunakuta uzi. Siye bazima.

Uliandika kama sikukuja. Nilikuja.

Nianze na swali yako juu ya bale banafunzi, sababu ile habari ya Walungu niliiachia nusu. Mu Nyarugusu, ku maji, nilikutana na mumoja wabo. Alinijua sababu nilikuwaka nangoja Mulenda inje ya classe ili tuende nyumbani pamoja. Alisema, "Mwalimu alifika. Alitutoa bote kwa njia ya nyuma, akatuvusha muto. Halafu akarudia kuangalia kama kuko mwenye alibakia." Ni ile tu anajua. Njo sasa na wewe unajua yote yenye mi najua.

Ile Jumamosi nilipanda gari ya Bisimwa asubuhi. Nilifikia kwanza kwa Mama, nikapima kile kitenge, ukweli kinambana. Nikamuomba asikuambie kama nilikuja, mpaka mi mwenyewe niandike. Halafu nikauliza njia ya masomo yenu. Nilivaa veste, koti yangu ya kanisa. Nilikuwa nimeisha kutayarisha vile nitaingia na kusalimia.

Nilifika ku mulango, ulikuwa wazi kidogo. Nilikuona mugongo tu, unaandika ku ubao, na chaki iko mpaka ku kiwiko. Kiti niliiona. Kuko musichana mumoja wa mbele hakuelewa. Aliuliza, benzake bakacheka, yeye akainamisha kichwa. Wewe ukaweka chaki chini, ukafuta yote, ukasema:

"Tuanze upya. Twende polepole, hakuna anayetufukuza."

Raïssa, ile maneno ni ya Mulenda. Batoto bakisukumana juu ya jibu, alikuwaka anasema vile kabisa, na ile sauti ya chini chini, pale inje nasikia. Wewe hukuingia mu classe yake hata siku moja. Ulikuwa wa kubebwa. Mi sikukufundisha, na Mama nilimutumia Bisimwa amuulize, anasema yeye pia hapana.

Mukono yangu ilikuwa ku mulango. Nikaiondoa. Nikakaa chini pale inje, ku ukuta, na veste yangu, mu jua. Bantu banapita, bananiambia moni, nawajibu moni. Nilisikiliza mpaka pale Bisimwa alipiga honi. Sikuelewa hata kitu kimoja cha ile hesabu.

Ufundishe, mutoto wetu. Ufundishe tu.

Gaspard